Haijafa, Imekataa Kuwaka

Mwalimu wa taaluma alinipigia simu Jumapili jioni, na kabla hajamaliza salamu sauti yake ilikwisha kunieleza kwamba kuna jambo. "Kaka, kompyuta ya ofisi imekufa." Alama zote za moko ya kidato cha nne zilikuwa humo, mikondo mitatu, masomo yote, na Jumanne asubuhi zilitakiwa wilayani. Fundi wa mjini alikuwa ameshafika, ameshaifungua, ameshatoa hukumu: diski imekwenda, ipigwe Windows upya, na ikikataa shule itafute mashine nyingine. Flashi yake ya Windows alikuwa nayo mkononi. Alikuwa anasubiri neno tu.

Nikamwomba mwalimu amwambie fundi apumzike kidogo, kisha aizime mashine, aiwashe, na anisomee kila neno linalopita kwenye kioo, hata lile asilolielewa. Akasoma. Nembo ya kampuni, kisha giza, kisha mstari mmoja mweupe unaosema mashine haioni kifaa cha kuanzia. "Izime tena," nikamwambia. "Ukiwasha, bonyeza F2 mfululizo mpaka ikupeleke kwenye ukurasa wa mipangilio." Ikampeleka. "Tarehe hapo inasema nini?" Akanyamaza kidogo. "Inasema Januari 2013, Kaka. Na saa ni usiku wa manane."

Hapo nikapata nguvu. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, imepachikwa kwenye bodi kuu. Mara nyingi imeandikwa CR2032, na hupatikana hata kwa mafundi saa. Kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo, na kwenye mashine za zamani hutunza pia mipangilio. Shule ilikuwa imefungwa wiki tatu, swichi ya ukutani imezimwa. Betri iliyochoka ikakata roho, na mashine ikasahau kila ilichoambiwa tangu siku iliponunuliwa. Ilipowashwa ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, ikawa inaitafuta Windows kwa utaratibu mpya ilhali Windows ile iliwekwa kwa utaratibu wa zamani.

Windows ilikuwepo. Alama zilikuwepo. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichofutika. Tukabadilisha mstari mmoja kwenye ukurasa ule, tukasahihisha tarehe, mwalimu akabonyeza F10 kuhifadhi. Mlio wa Windows niliusikia kwenye simu kabla yeye hajasema neno.

Sasa fikiria lile neno alilokuwa analisubiri fundi. "Haya, piga." Lingetosha. Kazi ya walimu wote wa kidato cha nne ingefutwa na mtu mwenye nia njema, kwa ajili ya betri inayolingana na kifungo cha koti.

Ninakuandikia wewe ambaye siku moja utabonyeza kitufe na mashine itakugomea. Siku hiyo haipigi hodi. Labda ni tasnifu yako, na msimamizi anaisubiri Ijumaa. Labda ni vitabu vya hesabu vya kikundi cha akina mama, au picha za harusi ya mteja aliyeshalipa, au muswada wa kitabu ulioandika kwa miaka minne usiku watoto wakiwa wamelala. Nataka siku hiyo ikukute umesimama. Nataka uwe mtu wa kusema "subirini kwanza" pale wote chumbani wanapokuwa wamekata tamaa, na uweze kusema hivyo kwa sababu unajua unalolisema.

Lishike hili kwanza, maana mengine yote yanalitegemea. Kazi yako na mfumo endeshi ni vitu viwili. Mfumo endeshi ni Windows, au Linux, au huo wa kwenye Mac. Upo kwa mamilioni, unapatikana leo na kesho, ukiharibika unawekwa mwingine. Kazi yako ipo moja duniani. Mashine inapokataa kuwaka, kinachokuwa kimegoma ni mfumo, na kazi yako mara nyingi sana imelala palepale ulipoiacha, nzima, kama unga kwenye gunia ndani ya stoo ambayo kitasa chake kimekwama. Hakuna anayeichoma stoo moto kwa sababu kitasa kimekwama.

Na kitasa chenyewe ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwenye diski zilizopangwa kwa mtindo wa zamani, mashine huanza kwa kusoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye ukubwa wa baiti 512. Ndani yake programu ya kuamsha mfumo inapewa baiti 446 tu. Ukiziandika kama herufi, hazizidi jumbe tatu za simu za kawaida. Zikivurugika hizo, kwa virusi au kwa umeme kukatika wakati mbaya, diski yenye picha za miaka kumi haitawaka, ingawa hakuna hata picha moja iliyoguswa. Kwenye mashine za sasa, kazi hiyo imehamia kwenye chumba kidogo cha diski ambacho kwa kawaida wewe hukioni, na kwenye Windows mara nyingi kina megabaiti kama 100. Ni kikubwa zaidi, lakini bado ni kona tu ya nyumba.

Ndiyo maana inaniuma kuona jinsi tulivyozoea kupiga Windows. Imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Mashine nzito, piga Windows. Haioni printa, piga Windows. Imekataa kuwaka, piga Windows, tena kwa kufomati, tena bila kuuliza kilichomo. Siwashambulii mafundi, wengi ni vijana waliojifundisha wenyewe kazi ngumu, kwa vifaa vichache, na wanaipenda. Lakini tazama anavyolipwa. Analipwa mashine ikiwaka. Halipwi faili zikiokoka. Akikurudishia kompyuta inayowaka vizuri na iliyo tupu, kwa hesabu yake kazi imekwisha. Kwa hesabu yako maisha yamekwisha. Mwenye faili ni wewe, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni wewe, na neno hilo ni hili: kwanza tuokoe kazi, mengine baadaye.

Kama unaona hali yako haina matumaini kwa sababu fundi hodari yuko mkoa mwingine, hebu nikupeleke mbali zaidi. Mwezi Januari 2004 shirika la anga la Marekani, NASA, liliteremsha kwenye sayari ya Mirihi kigari kiitwacho Spirit. Kilikuwa na kompyuta yenye kasi ndogo kuliko ya simu uliyonayo mfukoni, na kilitarajiwa kufanya kazi siku 90 za huko. Tarehe 21 Januari, kikiwa na wiki mbili na nusu tu, kikanyamaza. Kilipoanza kuitikia tena, kilitoa ishara za kuchanganyikiwa. Kompyuta yake ilikuwa inajiwasha, inakwama, inajizima, inajiwasha tena, na iliendelea hivyo zaidi ya mara sitini. Usiku ilikuwa hailali, inakula betri ambayo haina wa kuichaji isipokuwa jua. Wahandisi wa maabara ya JPL huko Pasadena, California, walikuwa wanaongea na mgonjwa aliye zaidi ya kilomita milioni 150. Kila neno lilichukua dakika kama kumi kufika.

Hawakuwa na kioo cha kutazama. Hawakuwa na kitufe cha kubonyeza. Walichokuwa nacho ni swali moja, nalo walilishikilia: inakwama ikifanya nini? Wakagundua kwamba kila inapoamka, kompyuta inajaribu kufungua ghala lake la faili kwenye kumbukumbu ya kudumu, aina ileile ya kumbukumbu iliyomo kwenye flashi yako. Faili zilikuwa zimelundikana mno, nyingi zikiwa za tangu safarini. Kuziorodhesha zote kulihitaji nafasi ambayo kompyuta haikuwa nayo, basi ikajikwaa, ikaanguka, ikaanza upya, ikajikwaa palepale. Wakaituma amri ya ajabu kwa urahisi wake. Amka, lakini ghala usiliguse. Ikaamka. Ikatulia. Wakaanza kuchunguza, wakafuta yaliyozidi, na mwisho kabisa, mwanzoni mwa Februari, wakalifomati lile ghala na kigari kikarudi kazini. Kigari cha siku 90 kiliendelea kutuma habari mpaka Machi 2010.

Soma tena mpangilio wa kazi yao. Kuiamsha kwa njia ndogo kulitangulia. Kuchunguza kukafuata. Kufomati kukaja mwisho, baada ya kujua. Sisi, mashine ikiwa mezani, mbele ya macho yetu, kioo kinatuandikia maneno, tunaanza na kile ambacho wao walimaliza nacho.

Kwa hiyo jifunze kuuliza lile swali. Kompyuta haiamki kwa mkupuo mmoja. Inapata umeme, inajikagua viungo, inatafuta kifaa cha kuanzia, inampata mwamshaji aliyemo kwenye kifaa hicho, mwamshaji anaupakia mfumo endeshi, na mfumo unakuletea pale unapoandika neno lako la siri. Ni ngazi. Ukijua imekwama kwenye kipandio gani, umeshaondoa nusu ya woga, maana kila kilicho chini ya kipandio hicho kimeshajithibitisha kwamba ni kizima.

Hakuna taa wala feni? Bado hujafika kwenye Windows kabisa, na mtu akikwambia apige Windows hapo usimkubalie. Angalia soketi, chaja, waya. Laptopu ichomoe chaja, na kama betri inatoka itoe, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, kisha urudishe chaja peke yake ujaribu. Mashine ngapi zimefufuka kwa hilo tu!

Feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, au inapiga milio? Hapo inajikagua na kuna kiungo kinachokosekana. Mara nyingi ni RAM, kadi ya kumbukumbu ya muda. Zima, chomoa umeme, itoe, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, irudishe mpaka isikike imebana. Ni kazi ya dakika tano, na mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Imepita nembo kisha ikasema haioni kifaa cha kuanzia? Kabla ya lolote, chomoa kila kilichochomekwa: flashi, kadi ya kamera, diski ya nje. Huenda inahangaika kuwaka kutoka kwenye flashi uliyoisahau tangu jana. Kisha ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, uone kama diski imeorodheshwa. Ikiwa imeorodheshwa, furahi. Mashine inaiona diski, kilichobaki ni kuipatanisha na mwamshaji wake, kama tulivyofanya na yule mwalimu.

Na ikiwa Windows inaanza, vidoti vinazunguka, kisha kinakuja kioo cha bluu? Umeshafika juu ya ngazi. Windows 10 na 11 zimeundwa hivi kwamba zikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida mara ya tatu, zinafungua zenyewe chumba cha matengenezo. Humo utakuta njia ya kurekebisha uanzishaji, ya kuondoa sasisho la mwisho, ya kuurudisha mfumo kwenye hali ya siku zilizopita, na ya kuingia katika hali salama ambamo Windows inawaka na vitu vichache tu vya lazima. Watumiaji wa Linux wana njia yao: kwenye orodha ya GRUB, mwamshaji wa Linux, chagua kiini (kernel) cha zamani badala ya kipya kilicholeta matatizo. Kwenye Mac zenye chipu ya Intel shikilia Command na R wakati wa kuwasha. Kwenye zile za chipu za Apple zenyewe, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka machaguo yatokee.

Hapa nina ombi, na ninaliomba kwa moyo wote. Maneno yakitokea kwenye kioo, yapige picha kwa simu. Najua ni Kiingereza, tena Kiingereza cha mashine, kimejaa namba na mistari ya chini. Watu wengi wakiyaona wanabonyeza haraka ili yaondoke, kana kwamba kuyatazama kunazidisha balaa. Ukifanya hivyo umemfukuza shahidi pekee aliyeona tukio. Ile namba ndefu ndiyo itakayomwezesha mtu aliye mbali kukusaidia, hata kama wewe huielewi. Mwalimu wangu alinisomea herufi kwa herufi, na herufi hizo ndizo zilizoziokoa alama.

Liko jambo moja tu ambalo likitokea nitakwambia acha kila kitu. Ukisikia diski inagonga, ka-ka-ka, kama ukucha juu ya bati, zima. Usiwashe tena kujaribu bahati. Hizo ni diski zenye sahani zinazozunguka na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake. Kichwa kikianza kugonga, kila sekunde ya kuwaka inaweza kuwa inakwangua kazi yako. Diski ya namna hiyo haitaki ujasiri wako. Mpelekee mtu mwenye vifaa vya kuokoa data, mwambie waziwazi kwamba unataka faili, hutaki mashine iwake.

Lakini kama diski imetulia na mfumo ndio unaogoma, iko silaha ambayo ningetamani kila mwanafunzi, kila karani, kila katibu wa kikundi awe nayo. Ni flashi ya kuokolea. Chukua flashi ya gigabaiti nane, nenda kwenye kompyuta nzima ya rafiki, pakua Ubuntu, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Ventoy. Vyote ni bure. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikiwa imeanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za Wanguni, ndugu wa damu wa neno letu utu. Ninalipenda jina hilo katika kazi hii hasa, maana mtu anayekukuta umekwama, akakuinua bila kudai chochote, anao utu.

Uzuri wa flashi hiyo ni kwamba inawaka yenyewe. Haihitaji Windows yako iliyogoma na haiigusi diski mpaka wewe useme. Chomeka flashi, washa, bonyeza kitufe cha kuchagua kifaa cha kuanzia. Kwenye mashine nyingi ni F12, kwenye HP mara nyingi ni F9. Itakuuliza kama unataka kuijaribu au kuisakinisha. Jibu ni kuijaribu. Hapo usikosee. Ngoja dakika chache. Kitafunguka kioo chenye rangi, kompyuta uliyoambiwa imekufa itakuwa inapumua mbele yako, na pembeni utaona diski yako imeorodheshwa. Ifungue. Ingia kwenye folda ya watumiaji. Utaona jina lako. Ndani yake, tasnifu. Ndani yake, picha za mama. Chomeka flashi ya pili au diski ya nje, nakili, subiri, kisha fungua faili mbilitatu uhakikishe zinasomeka.

Nimekaa na dada mmoja wakati huo ulipofika, muuguzi aliyekuwa anamalizia shahada akiwa kazini. Alipoliona jina la faili lake la sura ya tano, aliweka kiganja juu ya kibodi, akakiacha hapo, kama anayepima homa ya mtoto. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia, "Kaka, nilishaandika barua ya kuahirisha mwaka."

Baada ya hapo uko huru. Mpigie fundi, mwambie apige Windows, afomati akipenda. Hana tena cha kukuharibia. Na hata kama mtu alishaifomati kabla hujafika, usilie mapema. Usiandike kitu chochote kipya kwenye diski hiyo, maana faili zilizofutwa mara nyingi huwa bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. TestDisk na PhotoRec, kazi za mikono ya Christophe Grenier, hutolewa bure na zimewarudishia watu wengi walichokwisha kukililia. Ila kwenye diski za kisasa zisizo na sahani matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu nyingi hujisafisha zenyewe mara faili linapofutwa. Ndiyo maana nasisitiza kuokoa kwanza.

Usidhani mambo haya ni ya wanyonge wasio na wataalamu. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa wateja wake. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zenye Windows ziliathirika. Viwanja vya ndege, hospitali, benki, vituo vya televisheni, kote kioo cha bluu. Sasisho lile liliondolewa baada ya dakika 78, lakini nyingi kati ya mashine zilizokwisha kulimeza hazikuweza kupokea dawa kwa mtandao, kwa sababu mashine isiyowaka haina masikio. Ilibidi watu waende. Mtu mmoja, mashine moja, kiti kwa kiti, ghorofa kwa ghorofa: ingia kwenye hali salama, fungua folda moja, futa faili moja, washa upya. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache, na kijana yeyote aliyewahi kuingia kwenye hali salama angeiweza. Kati ya waliotaabika zaidi walikuwa wale ambao diski zao zilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, na ufunguo wa kuokolea haujulikani uliko.

Ufunguo huo una tarakimu 48, na kompyuta nyingi mpya zinajifunga zenyewe bila wewe kutambua. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, mara nyingi utaukuta humo. Uandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi, kwa kalamu, na uiweke mahali ambapo si ndani ya begi la laptopu hiyohiyo. Bila ufunguo, hata flashi yangu ya Ubuntu itaiona diski kama ukuta.

Sisi hatuna anasa ya kutupa mashine. Kompyuta nyingi za shule zetu, zahanati zetu na ofisi za kata zimefika zikiwa zimetumika kwingine, na zitaendelea kutumika hapa mpaka zichoke kabisa. Kila inayotupwa kwa kukosa betri ya CR2032 ni darasa lililokosa kompyuta. Kila faili linalofutwa kwa haraka ni miezi ya mtu. Kwa hiyo kujifunza hili ni kazi ya kujenga nchi, nami nalisema hilo bila kutia chumvi. Binti wa kidato cha tatu anaweza kulijua. Bibi mhasibu wa kikundi cha vikoba anaweza kulijua. Hakuna cheti kinachohitajika, kinachohitajika ni kutulia, kusoma kilichoandikwa, na kukataa kuharakishwa.

Basi usingoje mashine igome ndipo uanze kutafuta. Usiku huu, wakati kompyuta yako inawaka vizuri, nakili kazi yako kubwa mahali pawili, kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tengeneza flashi ya kuokolea, kisha uijaribu: iwashe mara moja uone inafunguka, ujue kitufe cha mashine yako ni kipi. Andika ule ufunguo. Mfundishe mmoja aliye karibu nawe.

Yule mwalimu wa taaluma alinunua betri mpya Jumatatu, na alama zikafika wilayani Jumanne. Siku hizi walimu wa shule za jirani mashine zikiwagomea humpigia yeye simu, na huwauliza tarehe kwenye ukurasa wa mipangilio inasema nini. Flashi yake ya kuokolea imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, kwa kamba nyekundu, kila mtu aione. Yako iko wapi?